Babu yangu alifukuzwa jeshini 1964 pamoja na kikosi kizima. Tujadili kwa kina: kukaidi amri jeshini kunagharimu nini?

Mjukuu wa Kalewa (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Kila vijana wanapoitwa JKT, swali linarudi: ukikataa amri ya afande unafanywa nini? Majibu huwa yaleyale. Kuruka kichura, kubeba gogo, kugaragara kwenye tope. Hizo ni adhabu za kuruta, na siku ya kufunga mafunzo zinakuwa hadithi ya kuchekesha nyumbani. Mimi nataka tuzungumze jambo zito zaidi, tena lililotokea hapahapa kwetu, ambalo shuleni tulipitishwa haraka haraka kwa aya moja: maasi ya Tanganyika Rifles, Januari 1964.

Yananihusu. Babu mzaa baba, mtu wa Maswa, aliingia KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Mwingereza Afrika Mashariki) mwaka 1957, akawa askari wa kikosi cha pili Tabora. Mwaka 1964 akarudi kijijini na hakurudi jeshini tena. Mpaka anafariki alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakunja blanketi lake pembe kwa pembe, na mkanda wake wa jeshi aliung'arisha kwa Brasso ingawa hakuwa na sare ya kuuvalia. Ukimuuliza kwa nini aliacha jeshi anajibu, "Tuliachishwa." Neno moja tu, halafu anaomba maji ya kunywa.

Kwa wasioijua historia yenyewe, niieleze kwa jinsi nilivyoielewa.

Nchi ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, jeshi letu halikuundwa upya. Batalioni za KAR za Tanganyika zilibadilishwa jina tu, zikaitwa Tanganyika Rifles. Zilikuwa vikosi viwili: cha kwanza kambi ya Colito, nje ya Dar es Salaam, na cha pili kambi ya Kalewa, Tabora. Hata majina ya kambi yalikuwa ya vita vya Mwingereza. Colito ni mahali Ethiopia, askari wa KAR walipigana pale na Waitaliano Mei 1941. Kalewa iko Burma, kando ya mto Chindwin, walikofika Desemba 1944 wakiwafukuza Wajapani. Kamanda wa jeshi alikuwa Mwingereza, Brigedia Patrick Sholto Douglas, na maofisa wengi chini yake walikuwa Waingereza. Bendera ilikuwa mpya, lakini asubuhi kwenye gwaride sauti inayoamrisha ni ileile.

Mshahara nao. Askari wa kawaida alikuwa akipata shilingi 105 kwa mwezi. Na mwanzoni mwa Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ajira serikalini sasa zisiangalie rangi, Mwafrika asipendelewe tena kwa kuwa ni Mwafrika. Kwa kanuni ya haki mimi sina ugomvi naye. Lakini jiweke kwenye viatu vya sajenti aliyetumikia Waingereza miaka kumi na tano, anasubiri nafasi ya mkubwa wake, halafu anasikia tangazo hilo redioni.

Tarehe 12 Januari Zanzibar ikapinduliwa. Siku chache baadaye askari polisi wapatao 300 wakapelekwa huko kusaidia kulinda amani, Dar ikabaki nyepesi. Usiku wa kuamkia tarehe 20, king'ora cha hatari kikalia Colito. Maofisa wa Kiingereza waliotoka vitandani wakifikiri kambi imevamiwa wakajikuta wanakamatwa na askari wao wenyewe na kutiwa mahabusu. Anayetajwa kuwa kiongozi ni Sajenti Francis Hingo. Madai yalikuwa mawili: Waingereza waondoke, na mshahara upande hadi shilingi 260.

Wakaingia mjini, wakaweka vizuizi, wakafika hadi Ikulu. Mwalimu na makamu wake, Kawawa, wakafichwa ng'ambo ya Kigamboni. Oscar Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi, ndiye aliyekwenda Colito kukaa na askari wenye bunduki wakimwamuru yeye badala ya yeye kuwaamuru. Askari wakamchagua Luteni Elisha Kavana awe mkubwa wao. Mjini maduka yakavunjwa, watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Hawa wafu huwa hatuwataji kabisa. Mtu alitoka Magomeni asubuhi kwenda kazini na hakurudi, kisa askari wamegombea mshahara.

Tarehe 21 moto ukafika Tabora, kambini kwa babu. Huko aliyepewa uongozi na kuweza kuwatuliza askari alikuwa Kapteni Mrisho Sarakikya, kijana wa Meru aliyesomea uofisa Sandhurst.

Maofisa wa Kiingereza wakasafirishwa kwenda Nairobi. Tarehe 24 Mwalimu akaomba msaada Uingereza, na naamini hakuna karatasi iliyokuwa nzito kuitia saini kuliko ile. Rais wa nchi yenye uhuru wa miaka miwili anamwita mkoloni wa jana aje kumnyang'anya silaha askari wake. Alfajiri ya tarehe 25 makomando wa kikosi cha 45 wakaruka kwa helikopta kutoka manowari Centaur, manowari nyingine ikipiga mizinga ya kutisha pembeni. Brigedia Douglas mwenyewe alikuwepo, akiwaita askari kwa kipaza sauti wajisalimishe. Nyumba ya walinzi pale Colito ikapigwa kombora. Askari wachache walikufa, watatu kwa hesabu inayotajwa zaidi. Kabla jua halijawa kali, mambo yalikuwa yameisha.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Waliofikishwa mahakama maalumu ya kijeshi hawakufika hata 20. Hingo alipewa miaka 15, wengine waliotiwa hatiani wakapata pungufu ya hapo, na baadhi wakaachiwa. Mwalimu hakuficha kwamba aliona adhabu zile ni ndogo, lakini akasema hataingilia mahakama. Basi ukisoma kitabu utadhani hesabu ilifungwa hapo. Haikufungwa. Jeshi zima lilivunjwa. Mamia kwa mamia ya askari walirudishwa makwao, na wengi wao hakuna hakimu aliyewahi kuwauliza swali hata moja. Babu ni mmoja wao. Hakushtakiwa wala hakufungwa.

Ninachouliza: adhabu ya kukaidi amri jeshini inampata nani hasa? Maana naona aliyekaidi ana kesi, ana wakili, ana miaka inayohesabika. Yule aliyekuwa amesimama karibu naye hana hata tarehe ya kutoka.

Karibuni. Naomba tujadili kwa staha, humu kuna wajukuu wenzangu.

---

Kamba ya Buti

Mkuu, pole kwa babu, lakini nitasema ukweli. Kikosi kimegeuza mtutu kwa serikali, ulitaka rais akae chini na daftari achambue mmoja mmoja nani aliingia kwa moyo na nani aliburuzwa? Kesho yake wangempindua kabisa. Alifanya la maana kuvunja jeshi lote. Angalia leo: tangu JWTZ ianzishwe tarehe 1 Septemba 1964, hakuna siku tumeamka tukamkuta mwanajeshi anasoma tangazo redioni. Majirani zetu wangapi wanaweza kusema hivyo?

---

Mjukuu wa Kalewa

Kamba ya Buti, kuvunja jeshi sipingi. Hata mimi ningekuwa yeye ningevunja. Ninachosema ni kwamba mtu asiye na hatia alibeba gharama, na tuitamke hivyo badala ya kusema "waasi walirudishwa makwao" kama vile wote walikuwa waasi.

---

Mwana Nakuru

Habari zenu ndugu zangu wa Tanzania. Mimi nimelelewa Nakuru, karibu na Lanet, kwa hivyo niongezee.

Watu husahau kwamba wiki hiyo moja nchi tatu zilitikisika. Jinja, Uganda, ilikuwa tarehe 23. Kwetu Lanet ilikuwa usiku wa tarehe 24, kikosi cha 11 cha Kenya Rifles. Uhuru ulikuwa na majuma sita tu. Wazee husimulia kwamba askari walikuwa wanamsikiliza Mzee Kenyatta, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, wakitumaini atataja nyongeza ya mshahara. Hakutaja. Wakavunja ghala la silaha. Wanajeshi wa Kiingereza waliokuwa karibu wakaitwa usiku huohuo, na askari mmoja akapoteza maisha.

Serikali yetu haikuvunja jeshi lote. Ilivunja kikosi kile, ikawatia walioongoza mbele ya mahakama ya kijeshi, wengine wakafungwa, wengine wakafukuzwa kazi. Uganda walichukua njia ya tatu. Waziri Felix Onama alikwenda Jinja kuongea na askari, wakamshika, akakubali nyongeza akiwa mikononi mwao, na serikali ikaiheshimu ile nyongeza. Katika panda-shuka ya vyeo iliyofuata, ofisa mmoja aliyepanda haraka na kukabidhiwa kikosi cha Jinja alikuwa Idi Amin. Tarehe 25 Januari 1971 akachukua nchi. Tazameni tarehe. Ni miaka saba kamili, siku kwa siku, tangu makomando washuke Colito.

Kwa hiyo nakubaliana na aliyesema Nyerere hakuwa na budi. Askari aliyegundua kwamba bunduki inaongeza mshahara hataacha kuitumia.

---

Afande Mstaafu

Nawasalimu wote. Nimetumikia jeshi miaka 27, nilikuwa kijana mdogo wakati wa vita vya Kagera. Mleta uzi umeandika vizuri, nami nitajibu lile swali la vijana kwanza, halafu nitakuuliza wewe jambo moja.

Raia wanadhani amri inatiiwa kwa sababu ya woga wa adhabu. Hapana. Mwaka 1979, tukiwa ndani ya Uganda, tulipewa amri usiku hakuna kuwasha moto, hata wa sigara. Tulikuwa tumechimba mahandaki siku mbili, mikono imetoka malengelenge. Koplo mmoja, mtu mwema kabisa, alikuwa na askari mwenye homa, akaona amkorogee uji. Akachimba kishimo, akaficha moto vizuri kwa turubai. Alfajiri mabomu mawili yakatua karibu yetu. Namshukuru Mungu hakufa mtu, lakini ilibidi tuhame usiku uliofuata na kuanza kuchimba upya mahali pengine, pamoja na yule mgonjwa. Koplo alivuliwa tepe mbele ya gwaride. Hakulia kwa sababu ya tepe. Alilia alipotuona tunachimba tena.

Sasa ngazi zenyewe. Kosa dogo linasikilizwa na kamanda wa kikosi: onyo, kukatwa mshahara, kufungiwa kambini, mahabusu, kushushwa cheo. Kosa kubwa linakwenda mahakama ya kijeshi, na huko kuna kifungo cha miaka na kufukuzwa kwa aibu. Uasi wa kikundi ni kitu kingine kabisa. Mtu mmoja akikataa amri, huyo ni mkaidi. Wawili wakikubaliana kukataa, hapo ndipo wakubwa wanakosa usingizi.

Na tulifundishwa hivi: tii kwanza, lalamika baadaye. Malalamiko yana njia yake, unaanza kwa mkubwa wako wa karibu, unapanda. Ni njia ndefu na inachosha, sikatai, lakini ipo.

Swali langu kwako, kijana. Unasema babu hakuwa na hatia. Siku ile ya tarehe 21 alikuwa wapi, na alifanya nini? Nauliza kwa heshima. Kama hujui, usimhukumu wala usimtetee.

---

Mjukuu wa Kalewa

Afande, shikamoo. Umenigusa pabaya. Sijui. Nimekaa miaka yote hii namtetea na sijui. Nipe siku mbili tatu.

---

Binti wa Mahakama

Wakati tunamsubiri, niongezee upande wa sheria maana Afande ameugusa juu juu.

Sheria yetu ni ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, na ndani yake kuna kanuni za nidhamu za majeshi. Kama ilivyo kwenye sheria nyingi za aina hii duniani, kosa si "kukaidi amri". Kosa ni kukaidi amri *halali*. Neno hilo moja limebeba mzigo wote. Uingereza, kwa sheria yao ya majeshi ya 2006, kukaidi amri halali kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 10. Marekani, kumkaidi ofisa kwa makusudi wakati wa vita kunaweza kukufikisha kwenye adhabu ya kifo.

Lakini upande wa pili wa neno "halali" ni kwamba zipo amri ambazo kuzitii ndiko kosa. Tusiende mbali, hili limeamuliwa mara nyingi hapo Arusha. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda ilikaa pale hadi 2015, na mkataba wake ulisema wazi: kwamba uliamriwa na mkubwa wako hakukuondolei hatia, kunaweza tu kukupunguzia adhabu. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, unaacha mlango mwembamba kwa askari ambaye sheria ilimlazimu kutii, hakujua kuwa amri ni haramu, na uharamu wenyewe haukuwa wa wazi. Kisha unaongeza kuwa amri ya kufanya mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu ni haramu ya wazi siku zote.

Ugumu ni kwa mtu aliyesimama pale. Ipo kesi ya Dražen Erdemović, askari aliyeshiriki kuwapiga risasi wanaume wa Srebrenica, Bosnia, Julai 1995. Alieleza kwamba alikataa, akaambiwa kama unawaonea huruma, simama nao kwenye mstari. Majaji walibishana hadi rufaa kama woga wa kuuawa unaweza kumsafisha kabisa mtu aliyeua wasio na hatia. Walio wengi wakasema hapana. Mwishowe alipata miaka 5. Nilipoisoma kesi hii mara ya kwanza sikulala vizuri, na mpaka leo sijui ningeamua vipi.

---

Kamba ya Buti

Dada hizo ni nadharia. Aliyewahi kukataa amri haramu na akapona ni nani?

---

Binti wa Mahakama

Hugh Thompson, rubani wa helikopta wa Marekani. Tarehe 16 Machi 1968, kijiji cha My Lai, Vietnam, wanajeshi wenzake wanaua wanakijiji, wanawake na watoto. Akatua kati yao na raia, akawaambia wenzake kwenye helikopta wawafyatulie Wamarekani wenyewe iwapo wangeendelea kuwashambulia wale watu aliokuwa anawaokoa. Alipona, ndiyo. Lakini kwa miaka mingi alitukanwa kama msaliti, na medali ya askari aliyoistahili aliipata 1998, miaka 30 baadaye. Luteni William Calley, aliyetiwa hatiani kwa mauaji yale, alihukumiwa kifungo cha maisha na akatumikia miaka kama mitatu na nusu tu, sehemu kubwa akiwa nyumbani kwake chini ya ulinzi.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kupona alipona, ila aliyekataa alilipa zaidi kuliko wengi waliotii.

---

Mtoto wa Ukonga

Naomba kuuliza, mimi nina kidato cha nne na nataka kujiunga mwaka huu. Sasa nitajuaje amri ni halali? Afande akiniambia lala kwenye tope saa nane usiku, hiyo ni halali?

---

Afande Mstaafu

Mwanangu, lala kwenye tope. Utanawa.

Usichanganye amri ngumu na amri haramu. Amri ngumu inauma mwili wako wewe. Amri haramu unaijua kwa sababu inamuumiza mtu asiyeweza kujitetea: mateka, mama wa kijiji, mtoto, au inageuza silaha ya nchi dhidi ya nchi. Miaka 27 nimepewa amri ngumu kila juma. Amri ya kudhuru mateka au raia sikupewa hata mara moja. Ukienda jeshini ukitafuta amri za kukataa, bora usiende.

---

Mwana Nakuru

"Inageuza silaha ya nchi dhidi ya nchi." Hapo Afande umenikumbusha 1 Agosti 1982 hapa Kenya. Walioongoza jaribio lile kwenye jeshi la anga walikuwa vijana wa vyeo vya chini kabisa. Hezekiah Ochuka alikuwa praiveti mwandamizi. Alikimbilia kwenu Tanzania kwa ndege, baadaye akarudishwa, akanyongwa Julai 1987. Jeshi la anga lote likavunjwa kama la kwenu. Na kati ya mamia waliofungwa, wapo waliosema waliamshwa usiku na mtu mwenye bunduki, wakaambiwa panda lori, wakapanda. Nimekua nikiwaona baadhi yao. Mtu fundi wa ndege, amesomeshwa na serikali, anauza sukuma wiki.

---

Mjukuu wa Kalewa

Wakuu nimerudi. Nilikwenda Maswa. Niwaeleze nilichokipata, na mnisamehe nikiandika vibaya.

Kosa langu lilikuwa kumuuliza babu peke yake miaka yote hiyo. Bibi yupo hai, akili timamu, na mwaka 1964 alikuwa akiishi naye kwenye laini za askari pale Kalewa, na mtoto mchanga ambaye ndiye baba yangu mkubwa. Nilipomuuliza alishangaa. Akasema, "Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi."

Siku ile babu alikuwa zamu kwenye ghala la silaha. Habari za Dar zilikwishafika, laini nzima wanawake wananong'ona. Sajenti wake akaja na wenzake. Bibi anasema huyu sajenti ndiye aliyemfundisha babu kazi, ndiye aliyemwombea ruhusa ya kwenda kuoa, chumba chao walipewa kwa sababu yake. Akamwambia babu, fungua. Babu akauliza kama ofisa amesema. Sajenti akajibu, "Mimi ndiye ninayekuamuru." Babu akafungua.

Basi. Hakubeba bunduki, hakumgusa Mwingereza yeyote. Alirudi kwenye laini, akakaa mlangoni na sare yake mpaka giza likaingia.

Baadaye wakaambiwa wanarudishwa makwao. Bibi anakumbuka walichobeba: sinia, godoro, masufuria mawili na mtoto. Wakapanda treni ya Mwanza, wakashuka Malampaka, wakatembea. Hakuna aliyewapokea kwa sababu hakuna aliyejua kuwa wanakuja.

Afande, uliniuliza alifanya nini. Alitii amri. Alitii kama alivyofundishwa tangu 1957, amri ya mkubwa wake wa karibu, bila kubisha. Sijui sasa nimwite mwasi au askari mtiifu.

---

Binti wa Mahakama

Pole sana, na asante kwa kwenda.

Kisheria sitakudanganya. Amri ya sajenti haikuwa halali. Sajenti hana mamlaka ya kuamuru ghala lifunguliwe kwa ajili ya uasi, na babu kuuliza "ofisa amesema?" kunaonyesha moyo wake ulikwishashtuka. Mahakama ingeweza kumtia hatiani. Ila mahakama hiyohiyo ingelazimika kusikiliza yote uliyoyaandika hapa: cheo chake, kwamba aliuliza, kwamba hakuchukua silaha, kwamba alikaa mlangoni. Hilo ndilo alilonyimwa. Angefungwa mwaka mmoja au angeachiwa, lakini jina lake lingesomwa peke yake, na sababu yake ingeandikwa mahali.

---

Kamba ya Buti

Mkuu, nafuta lile neno langu la "daftari". Bado naamini jeshi lilipaswa kuvunjwa. Lakini daftari lilihitajika.

---

Afande Mstaafu

Kijana, nimesoma mara mbili.

Pale ghalani, jibu sahihi lilikuwa kukataa. Nakuambia kama askari kwa mjukuu wa askari. Lakini nakuambia pia kwamba mimi, nikiwa na umri ule, mbele ya sajenti aliyenilea, sina hakika mkono wangu usingekwenda kwenye funguo. Jeshi la wakati ule lilimfundisha askari kutii sauti tu. Aliambiwa nani wa kumpigia saluti, hakuambiwa anamtumikia nani. Jeshi lilipoanza upya Septemba 1964, vijana waliochukuliwa wengi walitoka Umoja wa Vijana wa TANU, na askari akaruhusiwa kuwa mwanachama wa chama. Wapo wanaolilaumu hilo, na wana hoja zao. Mimi niliyejiunga baadaye nakumbuka tu kwamba somo la kwanza tuliloingia darasani halikuwa bunduki. Lilikuwa jeshi hili ni la nani. Colito tuliikuta inaitwa Lugalo, mahali Mkwawa alipowapiga Wajerumani 1891. Na Kalewa ya babu yako ikaitwa Mirambo.

Niambie jambo moja la mwisho. Yule sajenti alifungwa?

---

Mjukuu wa Kalewa

Hapana Afande. Naye alirudishwa kwao vilevile, bila kesi.

Bibi anasema walikutana miaka mingi baadaye, siku ya gulio Malampaka. Sajenti alikuwa amezeeka, anauza dengu kwenye gunia. Babu alipomwona alitua mzigo wake chini, akabana visigino, akanyoosha mikono ubavuni, akasimama wima katikati ya watu mpaka sajenti aseme neno.

---

Afande Mstaafu

Akasema?

---

Mjukuu wa Kalewa

Bibi anasema hakusema. Alimpimia dengu debe zima, akakataa pesa.